Mkulima wa Tongaren Afa na Mahindi

Khairunisa binti Hashim alianza kusahihisha maandishi ya watu akiwa na miaka minane, amesimama chini ya ngazi. Baba yake alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka pale Kitale, na siku hiyo alikuwa juu akimalizia bango la bucha moja karibu na msikiti. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa nyekundu zenye kivuli: NYAMA SAFI YA MZUBI. Mtoto akasoma, akarudia kusoma, akauliza, "Baba, mzubi ni mnyama gani?"

Hashim akashuka, akarudi nyuma hatua tano, akatazama, akashika kichwa. Lakini mwenye bucha alikataa katakata bango lifutwe. Tangu asubuhi watu wanne walikuwa wameingia kuulizia hiyo nyama ya mzubi, na wawili walikuwa wameionja wakasema ni laini kuliko ya mbuzi.

Mtaa mzima ulicheka. Khairunisa hakucheka. Kwa mwezi mzima alizunguka njia ya mbali kwenda shuleni ili asilione lile bango, maana kila alipoliona alihisi kama mtu aliyevaa kiatu chenye changarawe.

Kwa hiyo gazeti la Tarumbeta lilipofungua ofisi Kitale na kutangaza kwamba linatafuta msomaji prufu, yaani mtu wa kupitia kila ukurasa na kuondoa makosa kabla haujapelekwa mtamboni, Khairunisa alipeleka barua ya maombi pamoja na tangazo lenyewe, makosa yake matatu yamezungushiwa wino mwekundu. Aliajiriwa siku ileile. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na kwenye kile kiti cha dirishani, juu ya duka la mbegu, akakaa miaka mingine ishirini na sita.

Tarumbeta lilikuwa gazeti la Kiswahili la kila Ijumaa. Liliandikwa Kitale, likachapishwa Bungoma, na ndani yake mlikuwa na bei za mahindi, kesi za mashamba, harusi, vifo, na ng'ombe waliopotea. Hakuna msomaji aliyemjua Khairunisa, na hilo ndilo lililoonyesha kwamba kazi yake ilikuwa nzuri. Yeye ndiye aliyemwokoa chifu mmoja ambaye alikuwa karibu kuchapishwa kwa kichwa cha CHIFU AIBA MKUTANO, kumbe aliuita tu. Yeye ndiye aliyewaokoa maharusi wa Kimilili waliokuwa wameandikwa kwamba "wauana kanisani mbele ya wazazi wa pande zote mbili." Si chifu wala maharusi waliokuja kushukuru. Mtu hashukuru kwa kosa ambalo hakuliona.

Kisha gazeti likanunuliwa na Bwana Bramwel, mwenyeji wa Bungoma, mtu mchangamfu mwenye haraka, aliyejiteua pia kuwa mhariri mkuu. Kwake, kama kwa wengi wa kwao, herufi l na r zilikuwa pacha, na kila moja iliitika mwenzake akiitwa. Hilo halikumsumbua Khairunisa. Kusema ni kusema, kuandika ni kuandika. Lililomsumbua ni siku Bramwel alipovuta kiti akakaa mbele yake na kuanza kusugua magoti.

"Madam, dunia imebadirika," alisema. "Tumepata kitu ya kompyuta. Inasoma gazeti yote dakika mbiri. Hairari, haiumwi kichwa, haiombi ruhusa."

"Inajua Kiswahili?"

"Inajua rugha mia moja, bana!"

"Sikuuliza inajua lugha ngapi, Bwana Bramwel. Nimeuliza kama inajua Kiswahili."

Bramwel akacheka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na Khairunisa akajua kwamba kazi imekwisha.

Walimwandalia chai na keki. Joan, mwandishi kijana aliyekuwa akimwogopa kuliko mtu yeyote ofisini, aliandika habari fupi ya kumuaga. Ilikuwa habari nzuri, yenye machozi kidogo. Lakini ile programu mpya, ambayo wafanyakazi walikuwa wameanza kuiita Mwalimu, haikuwahi kukutana na jina Khairunisa. Ilitafuta neno la karibu yake, ikalipata, na Ijumaa hiyo Kitale na Bungoma yote ikasoma: GAZETI LAMUAGA BI. HAIRUHUSIWI.

Khairunisa aliisoma nyumbani, mtaa wa nyuma ya msikiti, kikombe cha chai mkononi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita kulisoma Tarumbeta kama mnunuzi wa kawaida. Alikiweka kikombe chini, akatoa kalamu nyekundu, akalizungushia duara lile jina. Halafu akatabasamu. Tabasamu lenyewe halikuwa zuri, na yeye alijua.

Kuanzia hapo kila Ijumaa ikawa sikukuu yake. Alinunua gazeti mapema, akajifungia sebuleni, akawinda. Wiki ya kwanza duara kumi na nne. Wiki ya pili thelathini na moja. Mwanawe Shafi, aliyekuwa fundi wa simu mjini, alimwambia, "Mama, si uache tu hiyo kitu. Ati unalipia gazeti ndio ukasirike?"

"Nani amekuambia nimekasirika?"

Na kweli hakuwa na hasira. Alikuwa na raha, raha ya mtu anayetazama nyumba aliyofukuzwa ikivuja.

Mambo yalianza kuchacha wiki ya tatu. Kampuni moja ya mbegu ilikuwa imepanga kugawa kalamu mia nne kwenye shule moja ya msingi huko Tongaren. Yule Mwalimu wa kompyuta, akipima mambo kwa akili yake, aliona hakuna kampuni inayoweza kujisumbua hivyo kwa ajili ya kalamu. Akabadilisha herufi moja. Gazeti likatangaza kwamba siku ya Jumatano shule hiyo ingegawiwa karamu mia nne, na kwamba wazazi wote wanakaribishwa.

Jumatano watu walifika na sahani. Walifika na sufuria, na vijiko vimefungwa kwenye leso, na mababu waliokuwa hawajatoka nyumbani tangu uchaguzi. Mtu mmoja, akiwa amepiga hesabu ya karamu mia nne, alikuja na mkokoteni wa kubebea kitakachobaki. Ofisa wa kampuni alisimama katikati ya uwanja akiwa na sanduku moja la kalamu za wino, jasho likimtoka. Ajuza mmoja alipewa yake, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Sasa hii tunachemsha?"

Aliyeokoa siku hiyo ni mkulima jirani, Mzee Levi Wanyama, mtu wa miaka sitini na tano, mzee wa kanisa, mpole, asiyependa kelele. Alimtuma mtu nyumbani kwake, yakaletwa magunia matatu ya mahindi mabichi, yakachemshwa kwenye masufuria ya shule, kila mtu akala akashiba akarudi kwake na gunzi mkononi. Joan alikuwepo. Alifurahi kupata habari njema katikati ya ile aibu, akaandika ukurasa mzima juu ya mzee huyo na shamba lake lililonawiri. Kichwa alichokiandika kilikuwa hiki: MKULIMA WA TONGAREN AFANA NA MAHINDI.

Neno "afana" halikumpendeza Mwalimu. Alilikata katikati likawa "afa na". Sasa kulikuwa na "na" mbili zinafuatana, na kosa la neno kurudiwa hata mashine hulijua. Akaifuta moja. Akamaliza kazi yake kwa dakika mbili kama ilivyoahidiwa.

Ijumaa likatoka: MKULIMA WA TONGAREN AFA NA MAHINDI. Chini yake picha ya Mzee Levi akicheka.

Levi mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi aliposikia kilio kikiingia langoni. Alidhani ni msiba wa jirani. Akanawa mikono, akavaa koti, akatoka ili akatoe pole, akakuta shemeji zake kutoka Lugulu wanashusha turubai na viti mia moja.

"Nani amefariki?" akauliza.

Shemeji mkubwa, machozi yakimtiririka, akamjibu bila kumtazama, "Ni Levi." Halafu akamtazama. Mama mmoja alizimia, mwingine akakimbia, na shemeji akasimama pale na kiti cha plastiki kichwani, akisema tu, "Lakini gazeti imesema. Gazeti imesema."

Mkewe, Agneta, alicheka siku hiyo mpaka akaumwa mbavu. Kesho yake hakucheka. Rambirambi zilikuwa zinaendelea kuingia. Chama cha wakulima kilikuwa kimeliondoa jina la Levi kwenye orodha ya mbegu. Alipokwenda kwa naibu wa chifu kueleza, yule kijana, mtu wa adabu sana, alimpa kiti na kumwambia, "Mzee, mimi nakuona. Nakuona kabisa. Lakini kupinga gazeti ninahitaji maandishi." Levi akaenda zahanati kuomba barua ya kuthibitisha kwamba yu hai. Muuguzi akatafuta fomu katika droo zote. Ipo ya kuzaliwa, ipo ya kufa, ipo ya kuumwa. Ya mtu ambaye hana lolote hawakuwa nayo.

Lililomuuma zaidi ni la kanisa. Jumapili alifika na Biblia yake, akaenda kukaa kwenye benchi la mbele la wazee, akakuta nafasi yake ina mtu. Kamati ilikuwa imekutana Jumamosi, ikaomba dakika moja ya kimya, ikamchagua jirani yake, Kimotho.

"Kimotho, mimi niko hapa," Levi alinong'ona.

"Naona, ndugu yangu, na tunamshukuru Mungu," Kimotho alinong'ona naye. "Lakini kura ilipigwa vizuri. Hebu kaa hapo nyuma kwanza, tuone gazeti itasema nini wiki ijayo."

Joan, alipopigiwa simu na Agneta, alilia. Akaandika masahihisho kwa mkono wake, maneno machache ya wazi, akamwomba Bramwel yasipitishwe kwa Mwalimu. Bramwel akasema haiwezekani, kila kitu kinapita hapo, ndiyo mpango. Joan alikuwa ameandika: "Mzee Levi Wanyama hajafa. Gazeti linasikitika." Mwalimu aliona neno "hajafa" limepungukiwa. Likatoka hivi: "Mzee Levi Wanyama hajafaa. Gazeti linasikitika."

Kamati ya kanisa iliyasoma kwa makini. Mwenyekiti akavua miwani, akasema kwa upole kwamba, ingawa hakuna aliyependa kusikia jambo kama hilo juu ya mtu mzima, basi angalau imeonekana walifanya vema kuchagua mwingine.

Jumanne iliyofuata Levi na Agneta walifika Kitale. Bramwel aliwapokea vizuri, akawaagizia soda, akawaambia waandike barua kwa mhariri. Levi akauliza kama barua hiyo nayo itapita kwa mashine. Bramwel akasema ndiyo. Levi akairudisha soda mezani bila kuifungua. Walipokuwa wanashuka ngazi, Joan aliwafuata mbio, akawapa kikaratasi chenye jina na maelezo ya nyumba.

Khairunisa alikuwa amemaliza tu sala ya alasiri aliposikia hodi. Akawakaribisha, akaleta chai na mandazi, bila kujua ni akina nani. Juu ya meza ndogo magazeti yake yalikuwa wazi, yamejaa duara nyekundu kama mtoto mwenye surua. Lile la juu kabisa lilikuwa la AFA NA MAHINDI, na pembeni mwa kichwa kile alikuwa ameandika alama tatu za mshangao.

Levi aliitazama picha yake. Akazitazama zile alama.

"Hii ni mimi, mama," alisema.

Khairunisa akaweka birika chini.

"Nimekufa wiki mbiri sasa," Levi aliendelea, taratibu, kama mtu anayeeleza maumivu kwa daktari. "Na bado naparirira. Watoto wa shule wakiniona wanapita upande wa pili wa barabara. Juzi nimesalimia mtu, akaniambia 'pumzika kwa amani, mzee.' Si kwa ubaya. Hakujua tu aseme nini."

"Na mimi wananiita mjane," Agneta akaingilia. "Kuna bwana wa Naitiri amekuja mara mbili kuniletea kuku. Nikamwambia mume wangu huyu hapa. Akasema, 'Najua, najua, chukua muda wako.'"

Siku nyingine yoyote Khairunisa angecheka. Alikuwa amekicheka kichwa hicho hicho Ijumaa mbili zilizopita, peke yake, mpaka akafuta machozi. Sasa mwenye kichwa alikuwa ameketi kwenye kochi lake, ameshika kofia kwa mikono miwili, hajagusa andazi. Aibu ikampanda kutoka miguuni. Aliona kwamba kwa wiki zote hizo hakuwa akisahihisha chochote. Alikuwa anahesabu tu.

"Unaweza kunirudisha, mama?" Levi akauliza. "Huyo msichana amesema ni wewe tu unaweza."

"Kunywa chai kwanza, mzee," Khairunisa akasema. "Aliye hai hunywa chai."

Kesho yake alipanda zile ngazi za ofisini ambazo aliapa hatazipanda tena. Bramwel alikuwa amechoka kuliko alivyomkumbuka, simu tatu mbele yake, zote zimezimwa.

"Madam, usinicheke."

"Sikuja kukucheka. Nataka nusu ukurasa wa kwanza."

"Lakini lazima ipite kwa Mwarimu. Nimeweka sahihi. Kila kitu inatoka hapa lazima ipite."

"Inatoka hapa Kitale?"

"Eeh."

"Na huko Bungoma mtamboni, Mwalimu yuko?"

Bramwel akatazama dari, kisha mlango, kisha akasema polepole, kama mtu anayejikuta ana akili, "Bungoma hakuna Mwarimu. Bungoma kuna Kimaiyo tu."

Kimaiyo alikuwa fundi wa mtambo wa kuchapa, mtu mrefu mwenye wino kuchani ambao haukuwa umetoka kwa miaka kumi na tano. Maneno hayakumhusu, yeye aliangalia kama weusi umekolea. Alhamisi asubuhi Khairunisa alifika kwake Bungoma akiwa na kalamu yake, miwani miwili na chupa ya chai. Wakazifungua kurasa zilizotoka Kitale kwenye kompyuta ya pale, wakatoa tangazo la dawa ya ng'ombe upande wa juu wa ukurasa wa kwanza, na Khairunisa akaanza kuandika.

Ilimchukua saa mbili kuandika maneno sitini. Hakutaka "hajafa", wala "hakufa", wala neno lolote ambalo herufi moja ingeweza kulitia kaburini. Hatimaye kichwa kikawa maneno manne: MZEE LEVI YU HAI. Chini yake akaeleza kosa lilivyotokea, akaitaja karamu iliyokuwa kalamu, akayataja magunia matatu ya mahindi, na akamwomba radhi mzee, mkewe na kanisa lake. Joan alituma picha kutoka ofisini kwa simu, Kimaiyo akaipachika mahali pake.

Kisha Khairunisa akaanza kusoma kwa namna yake ya zamani, kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza, ili jicho lisidanganywe na maana. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata.

"Hai. Yu. Levi. Mzee."

"Hiyo ni Kiarabu, mama?" Kimaiyo akauliza.

"Ni Kiswahili kinachorudi nyumbani. Nyamaza kidogo."

Alisoma hivyo mara tatu. Akahesabu nukta. Akapima nafasi kati ya maneno kwa ukingo wa kitambulisho chake. Hakukuwa na kosa hata moja. Mtambo ulipoanza kunguruma na nakala za kwanza kuteleza juu ya meza, alizishika zikiwa na joto, akanusa wino, akahisi machozi, akamwambia Kimaiyo ni vumbi.

Ijumaa Tongaren ilisherehekea. Shemeji wa Lugulu walirudi na turubai lilelile, safari hii bila kilio. Chama cha wakulima kikalirudisha jina. Bwana wa Naitiri akaja kuchukua kuku wake, na Agneta akampa mmoja akamwambia mwingine ameshaliwa. Kanisani ilikuwa ngumu kidogo, kwa sababu Kimotho alikuwa amekwisha kushona suti. Kamati ikakaa, ikaomba, ikaamua kwamba mahali pale pa benchi pana upana wa kutosha, na tangu siku hiyo Levi na Kimotho huketi pale wamebanana bega kwa bega, na husimama pamoja kutoa sadaka kama watu waliofungwa kamba moja.

Khairunisa alirudi kazini Jumatatu, kwa ombi la Bramwel. Bramwel alimpokea mlangoni, akamvutia kiti cha dirishani kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo simu ya ofisi ilipolia, na Joan akamkabidhi akisema ni mtu wa Endebess.

"Haro? Tarumbeta?" Sauti ilikuwa nzito, ya mtu asiyependa kusumbua. "Mimi naitwa Kipkosgei. Mimi nafuga ng'ombe ya maziwa huku Endebess. Nauliza tu, kwa nini nimefufuka?"

Khairunisa hakuelewa. Akaomba arudie.

"Picha yangu iko mbele ya gazeti. Chini wameandika ni Levi. Mama, watu wamejaa huku kwangu. Wananishika mkono. Jana mtu ameniletea ndama mgonjwa nimguse. Nimewaambia mimi si Levi, mimi sijawahi kufa. Wanasema gazeti imesema."

Khairunisa akaliweka gazeti mezani, akalitazama. Kwa mara ya kwanza aliutazama ule uso, ambao hata Tongaren, kwa furaha ya kile kichwa cha habari, hakuna aliyeutazama. Haukuwa wa mzee mpole aliyeshika kofia kwenye kochi lake. Ulikuwa wa mtu mwembamba, mwenye mwanya, aliyesimama kando ya ng'ombe mweusi na mweupe. Ng'ombe! Alikuwa amesoma maneno sitini kwenda na kurudi mara tatu, amepima nafasi kwa kitambulisho, na ng'ombe mzima alikuwa amesimama pale juu ya ukurasa akimtazama.

Joan alishika mdomo; picha za wakulima wote wawili zilikuwa kwenye simu yake, na alikuwa ametuma isiyo yenyewe. Bramwel akasogea, akalichungulia gazeti, akamtazama Khairunisa, na furaha ikamjaa usoni kama mtu aliyetua mzigo.

"Hata wewe!" akasema.

"Hata mimi," akasema Khairunisa.

Wote walingoja akasirike. Badala yake kicheko kilianza tumboni, kikampanda kifuani, na akacheka hadi miwani ikadondoka, kicheko ambacho hakuwahi kukicheka chini ya ngazi ya baba yake. Kisha akajifuta macho, akaiokota miwani, akamwambia Joan achukue kamera, waende Endebess.

Walimkuta Kipkosgei langoni, amevaa shati safi, nyuma yake watu kama kumi na tano wamepanga foleni, na ndama mmoja. Ndama alikuwa anaendelea vizuri, kwa bahati. Kipkosgei akawapa maziwa ya mala, yaliyoganda vizuri, kwenye vikombe vikubwa, akasubiri wamalize kabla ya kuuliza alichotaka kuuliza.

"Huyu Levi ni mtu wa aina gani?"

"Ni mtu mzuri," Khairunisa akasema. "Aliwalisha watu shule nzima, na hakuna aliyemwomba."

Kipkosgei akawaza. "Basi haijaniumiza sana. Ningesikia ni mwizi, ningekuja na wakili." Akageuka akawatazama wale wa foleni, akapunguza sauti. "Kitu moja tu, mama. Mkiandika ile ya kusema mimi si yeye, jina langu ni Kipkosgei. Gei. Shuleni waliniandika Kipkoskei, kwa kitambulisho wakaniandika Kipsigei, na hospitali wamewahi kuniandika Kibsogoi. Nimechoka."

Khairunisa akatoa daftari, akaliandika lile jina kwa herufi kubwa, moja moja, akamgeuzia alisome. Kipkosgei akalisoma akifuata kwa kidole, midomo ikicheza, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha Khairunisa akamwomba alisome tena, safari hii kutoka mwisho kwenda mwanzo, na Joan akaambiwa amtazame usoni vizuri wakati anasoma.